Dawa ya kunasa madini kwa mgonjwa wa neva za mwendo: utafiti ule unasema nini hasa?

SWALI: Shikamoo daktari. Mzee wangu ana miaka 61, amekuwa fundi wa rejeta na betri hapa Changamwe tangu mimi sijazaliwa. Mwaka jana mkono wa kulia ulianza kulegea, akawa anadondosha spana, na sasa hata kuongea kunamwia kazi. Daktari wa neva amesema ni ugonjwa wa neva za mwendo. Binamu yangu aliyeko Uingereza ametutumia utafiti wa zamani wa Birmingham unaosema wagonjwa hawa miili yao haichakati vizuri dawa zenye salfa, akataja penisilamini, ile dawa ya kutoa madini mwilini. Anasema hiyo ni ishara kwamba madini ya risasi yamemjaa mzee, na tumwanzishie penisilamini mara moja. Kuna kliniki nayo imetuambia itampa dawa kwanza, halafu ipime mkojo ione madini yaliyotoka. Tufanye? Na kabosisteini aliyoandikiwa kulainisha makohozi, mbona nayo imo kwenye utafiti huo? Tuiache?

JIBU: Marahaba, na poleni sana nyote hapo nyumbani. Mimi ni mfamasia, si daktari wa neva, kwa hiyo ugonjwa wenyewe nawaachia wanaoushughulikia. Changu ni dawa na yanayoipata ikishamezwa, na swali lako limeangukia hapo hasa. Nikupe majibu kwanza, maelezo baadaye: penisilamini msimwanzishie. Kipimo cha kliniki ile msikikubali. Risasi apimwe, lakini kwa damu. Kabosisteini aendelee nayo.

Utafiti alioutuma binamu yako upo kweli. Mwaka 1988 jarida la Lancet lilichapisha kazi ya Steventon, Williams, Waring na wenzao wa Birmingham kuhusu jinsi miili ya wagonjwa wa neva za mwendo inavyochakata dawa na kemikali za kigeni. Alikoteleza binamu ni kwenye jina la dawa. Waliyoitumia kupima njia ya salfa haikuwa penisilamini, ilikuwa kabosisteini, hiyo hiyo mliyo nayo nyumbani. Kipimo chenyewe kilikuwa chepesi kukieleza: mtu anameza miligramu 750, kisha anakusanya mkojo wake wote wa saa nane zinazofuata, hata tone lisimwagwe. Maabara inautenganisha mkojo ule kwa kuuacha upande taratibu kwenye karatasi maalumu mpaka kila kemikali iweke doa lake mahali pake, halafu inahesabu ni kiasi gani cha dawa kimetoka kikiwa kimeongezewa oksijeni kwenye salfa yake. Wako watu ambao miili yao huifanya kazi hiyo kwa wepesi, na wako ambao karibu haifanyi kabisa. Kwa wagonjwa wa neva za mwendo, hao wa kundi la pili walikuwa wengi kupita ilivyotarajiwa.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1990, kundi hilo hilo likachapisha vipimo vya damu. Safari hii hawakumpa mtu dawa yoyote, walitazama tu salfa ya mwili wenyewe. Sisteini, asidi amino yenye salfa tunayoipata kwenye mayai, nyama na kunde, ilikuwa juu kwenye damu ya wagonjwa, na salfeti, ambayo ndiyo sisteini huishia kuwa, ilikuwa chini. Hapo ndipo hoja yao ilipopata uzito. Sisteini ikizidi inaweza kuzichokoza seli za neva hadi kuziumiza, na salfeti ikipungua ini linabaki na silaha pungufu ya kuzima kemikali zinazoingia. Ukiyaweka hayo mawili pamoja unapata hadithi inayokubalika: mtu amezaliwa na njia nyembamba ya salfa, anaishi miaka mingi bila kujua, halafu neva zinaanza kufa.

Hadithi nzuri, ila angalia ni nini haisemi. Haisemi popote kwamba risasi au madini mengine yamemjaa mgonjwa. Ni habari ya salfa mwanzo hadi mwisho. Binamu ameunganisha mambo mawili kwa sababu penisilamini ina salfa na pia inanasa madini.

Penisilamini yenyewe ilikuwa na kesi yake, na ilitokea kwingine kabisa, kwa wagonjwa wa baridi yabisi. Miaka ile walikuwa wakipewa dawa hiyo kwa wingi, na wengi iliwadhuru: vipele, protini kwenye mkojo, chembe za damu kushuka. Mwaka 1984 Emery, Panayi na wenzao walionyesha kwamba wenye uwezo duni wa kuiongezea salfa oksijeni, kwa kipimo kile kile cha kabosisteini, ndio walioumizwa zaidi na penisilamini. Sasa jiulize. Ikiwa utafiti wa Birmingham ni wa kweli na mzee ni mmoja wa watu hao, maana yake ni kwamba yeye ndiye mtu wa kunyimwa penisilamini kabla ya wote. Binamu ameushika mkuki kwenye ncha.

Na je, utafiti wenyewe ulisimama? Kwa maoni yangu ulisimama kwa mguu mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Ujerumani na Uswisi waliichukua kabosisteini wakaipima upya kwa mashine zinazotambua kemikali kwa uzito wa molekuli badala ya madoa ya karatasi. Wakakuta kwamba sehemu ya kile kilichokuwa kikihesabiwa kuwa dawa iliyoongezewa oksijeni kilikuwa kitu kingine. Hilo halikufuta kila kitu. Steventon aliendelea na suala hili miaka mingi, na baadaye yeye na wenzake wakaonyesha kwamba kimeng'enya kinachoiongezea kabosisteini oksijeni ni kile kile kinachobadilisha asidi amino iitwayo fenilalanini kuwa nyingine, tairosini, kwenye ini. Lakini mgawanyo ule wa watu katika makundi mawili, wenye uwezo na wasio nao, hauwezi tena kuchukuliwa kama ulivyoandikwa mwanzo.

Liko tatizo la pili, ambalo mimi naliona zito kuliko la karatasi. Kundi la Birmingham liliripoti kasoro za aina hiyo hiyo kwa wagonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka, na wa Alzheimer, ule wa kupoteza kumbukumbu. Magonjwa matatu yenye sura tofauti, kasoro moja. Inawezekana ni mzizi wanaouchangia. Inawezekana pia ni matokeo ya kuwa mgonjwa: mtu amekonda, hali vizuri, misuli imeyeyuka, anatumia dawa nyingi, na vimeng'enya vya ini havibaki vilivyokuwa. Mkojo uliokusanywa baada ya mtu kuugua hauwezi kukuambia ini lake lilikuwaje miaka ishirini kabla. Ndiyo maana mpaka leo hakuna hospitali inayotumia kipimo hicho kumtambua mgonjwa wa neva za mwendo wala kumchagulia dawa, na hamna sababu ya kukitafuta.

Turudi kwa penisilamini, maana nahisi mtaikuta kwenye duka la dawa na mtu atawaambia haina neno. Ni kipande cha penisilini, ingawa haiui bakteria. Daktari John Walshe wa Uingereza ndiye aliyeiingiza kwenye tiba mwaka 1956, kwa ugonjwa wa Wilson, ambamo shaba hujazana kwenye ini na ubongo. Molekuli yake huibana chembe ya shaba kama kaa anavyobana kidole kwa magando, na shaba ikishabanwa hutoka na mkojo. Kwa wagonjwa wale ilikuwa ni kufufuka. Ukiimeza pamoja na chakula au vidonge vya chuma, sehemu kubwa hainyonywi. Inayoingia kwenye damu, nyingi hujishikiza kwa albumini, protini ya damu, au hufungana na sisteini, salfa kwa salfa, na hivyo ndivyo inavyopitia figo. Kidogo tu hubadilishwa na ini. Kwa hiyo kwa mgonjwa ambaye sisteini yake ndiyo inayoshukiwa, unampa dawa inayoingia moja kwa moja kwenye mtandao ule ule.

Ina madhara mengi, na figo na damu lazima vipimwe mara kwa mara. Lakini moja linamhusu mzee kuliko mengine yote: penisilamini inaweza kumletea mtu miasthenia, hali ambayo kinga ya mwili hushambulia pale neva inapokutana na msuli. Kope zinalegea, kumeza kunakuwa shida, kupumua nako. Kwa mtu wa baridi yabisi daktari ataliona jambo hilo haraka. Kwa mzee ambaye tayari usemi na mikono vimelegea, mtasema ugonjwa umepanda, na mtaendelea kumpa dawa inayomwangusha.

Watu hawakuacha kujaribu kwa uvivu. Mwaka 1982 Conradi na wenzake wa Uswidi walichapisha kazi ambayo wagonjwa wa neva za mwendo walipewa penisilamini kwa muda mrefu huku risasi ikipimwa kwenye damu na mkojo wao. Haikuingia kwenye matibabu. Kisha mwaka 1993 ikagunduliwa kwamba baadhi ya familia zenye ugonjwa huu zina kasoro kwenye jeni la kimeng'enya SOD1, ambacho kimebeba shaba na zinki ndani yake, na mjadala wa madini ukawaka upya. Mwaka 1997 panya waliowekewa jeni hilo na kupewa penisilamini walichelewa kuugua na waliishi zaidi. Usishangilie bado: panya wa aina hiyo hiyo wameishi zaidi pia walipopewa kemikali inayowapelekea shaba kwenye seli. Kutoa shaba kunasaidia, kuongeza shaba kunasaidia. Panya ana namna ya kumkubalia kila mtafiti. Na kwa binadamu, upungufu wa shaba wenyewe huharibu ugwe wa uti wa mgongo na neva, hata wapo waliodhaniwa wana ugonjwa wa neva za mwendo kumbe shaba imewaishia. Kuitoa shaba kwa mtu asiye na ziada ni kumtafutia balaa lingine.

Dawa ya kunasa madini ambayo imefanyiwa kazi ya maana zaidi karibuni ni deferiproni, inayonasa chuma. Nchini Ufaransa, kazi ndogo iliyochapishwa mwaka 2018 iliwapa wagonjwa 23 kwa dozi ya chini. Picha za MRI zilionyesha chuma kimepungua kwenye sehemu za ubongo na ugwe zinazoendesha misuli, na katika miezi mitatu ya kwanza ya dawa kuporomoka kwao kulikuwa kwa taratibu kuliko miezi mitatu ya kabla yake. Watu 23, bila kundi la kulinganisha nalo, hawatoshi kumwandikia mtu dawa. Kuna somo pia kwenye jinsi mwili unavyoichakata. Ini huibandika deferiproni molekuli ya sukari pale pale inaposhikia chuma, na baada ya hapo haishiki kitu. Nusu yake imeshaondoka kwenye damu ndani ya saa mbili hivi, ndiyo maana hugawanywa mara kadhaa kwa siku, na mkojo hutoka mwekundu wa kahawia. Kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo hakina nguvu sawa kwa watu wote. Katika kila watu mia wanaoitumia, mmoja au wawili huishiwa na chembe nyeupe za kupambana na maambukizi, ghafla. Bila vipimo vya damu vya mara kwa mara haifai kuanzwa.

Na kama mtu atakuambia kwamba kunasa chuma hakuwezi kumdhuru mgonjwa wa neva, mkumbushe Parkinson. Hoja ilikuwa ile ile, chuma kimezidi kwenye ubongo, kitolewe. Jaribio lenye washiriki 372 likachapishwa mwaka 2022: nusu walipata deferiproni, nusu vidonge visivyo na dawa, kwa wiki 36. Waliopata deferiproni walizorota zaidi. Asilimia 22 yao ilibidi waanzishiwe dawa za Parkinson kabla ya muda kwa sababu dalili zilipanda, dhidi ya asilimia 2.7 ya wenzao. Picha zilionyesha chuma kimepungua kweli. Huenda seli zilikuwa zinakihitaji.

Sasa risasi, maana hapa hofu yenu ina msingi. Fundi wa rejeta huchomelea kwa lehemu yenye risasi na kuvuta moshi wake, na fundi wa betri hushika risasi yenyewe. Hapo hapo jirani yenu, Owino Uhuru, mnajua kiwanda cha kuyeyusha betri kilivyowatenda watu, mpaka mahakama ikaamua mwaka 2020 walipwe shilingi bilioni 1.3. Risasi nyingi mwilini huweza kulegeza mikono, hasa kiganja kushindwa kuinuka kwenye kifundo, na ni jambo linalotibika. Kwa hiyo mwombeni daktari wa neva apime risasi kwenye damu ya mshipa, kama hakupima. Nywele msipeleke popote. Damu huonyesha hasa risasi iliyoingia miezi ya karibuni, basi mwambieni daktari lini mzee aliacha kazi, kwa kuwa iliyobaki hukaa kwenye mifupa kwa miaka mingi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu akifikia mikrogramu 5 kwa desilita, chanzo kitafutwe na kiondolewe. Dawa za kunasa huja kwenye viwango vya juu zaidi ya hapo kwa mbali, na huamuliwa na daktari anayejua sumu.

Ila msiweke matumaini yote hapo. Sumu ya risasi huja na upungufu wa damu, tumbo kusokota, na mara nyingi haikazi misuli wala haiongezi mruko wa goti linapogongwa. Daktari akikuta misuli inayokonda na kutetemeka mahali pale pale ambapo mruko umezidi, na ulimi umeguswa, hiyo ni sura nyingine. Tafiti zimeona kazi za risasi zinaandamana na ugonjwa huu mara nyingi kiasi, lakini hata hapo mambo hayanyooki: utafiti mmoja wa New England uliona wagonjwa wenye risasi nyingi zaidi waliishi muda mrefu zaidi. Sikwambii hivyo ili mtafute risasi. Nakwambia ili ujue kwamba kuitoa si lazima kumpunguzie mtu ugonjwa.

Kuhusu kliniki yenu. Kumpa mtu dawa ya kunasa kisha kupima mkojo ni mchezo ambao matokeo yake yanajulikana kabla haujaanza. Kila mmoja wetu ana risasi kidogo, na dawa ikiingia, itatoka. Mkojo wako nao ungekuwa juu, na wangu. Halafu namba hiyo hulinganishwa na viwango vya watu ambao hawakupewa dawa yoyote, na mgonjwa anaambiwa amejaa sumu na anahitaji dripu kumi. Wataalamu wa sumu wa Marekani walishatamka mwaka 2009 kwamba kipimo hicho hakina msingi wa kisayansi. Tena ulizeni dripu hiyo ni ya nini. EDTA ni dawa nyingine ya kunasa madini: iko yenye kalsiamu, na iko yenye sodiamu peke yake ambayo hunyonya kalsiamu kwenye damu mpaka moyo unasimama. Kati ya 2003 na 2005 watu watatu nchini Marekani, wawili wakiwa watoto, walikufa hivyo.

Pesa hizo zina pa kwenda. Kama daktari amemwandikia riluzoli, miligramu 50 asubuhi na jioni, hiyo ndiyo dawa iliyoonyesha kurefusha maisha katika majaribio mawili ya miaka ya 1990, kwa miezi michache, si zaidi. Ini lipimwe akiitumia, na kama mzee anavuta sigara mwambieni daktari, maana sigara huharakisha kuichakata. Mpimeni uzito kila wiki mbili na muuandike, kwa kuwa kukonda ni adui mkubwa kwenye ugonjwa huu. Akianza kupaliwa na maji au chai, semeni mapema. Mpira wa kulishia tumboni huwekwa kwa usalama zaidi pumzi ikiwa bado nzuri. Akiamka na maumivu ya kichwa au kusinzia mchana kutwa, hiyo ni pumzi ya usiku, na mashine ya kumsaidia kupumua kwa barakoa ina faida kuliko dawa zote nilizotaja hapa.

Imebaki kabosisteini. Iko kwenye utafiti wa 1988 kama chombo cha kupimia tu, haikushukiwa kusababisha chochote. Leo mwongozo wa Uingereza wa kutunza wagonjwa wa neva za mwendo unaitaja miongoni mwa dawa za kufikiriwa mate au makohozi yakiwa mazito na kunata, pamoja na mvuke na mashine ya kunyunyizia dawa kwenye pumzi. Mzee akiwa na vidonda vya tumbo daktari aambiwe, kwa sababu inaweza kuvichokoza. Na ikiwa kikohozi chake ni dhaifu hata yakilainika hayatoki, muulizeni mtaalamu wa mazoezi ya viungo awaonyeshe namna ya kumkandamiza chini ya mbavu anapokohoa. Mwambie aonyeshe watu wawili hapo nyumbani, si wewe peke yako.